Kikohozi cha Baba Kwenye Redio

Baba alikuwa na desturi ya kukohoa mlangoni kabla ya kuingia ndani. Kikohozi kimoja, kikavu, na mama akiwa jikoni anajibu, "Karibu." Ujanani aliwahi kuimba na bendi moja ya Lindi, na katika wimbo wao mmoja, kabla ya ubeti wake, kikohozi kilekile kinasikika. Alipofariki, mama alikaa eda nyumbani kwetu Rutamba, miezi minne na siku kumi, bila redio wala matembezi. Aliniomba jambo moja tu: siku ya kutoka, ausikie wimbo ule kwenye redio yake ndogo ya kadi.

Mimi naishi Mitwero. Niliutafuta wimbo mpaka nikaukuta unauzwa kwenye simu, katika programu ya muziki. Nikaununua kihalali, nikajisifu moyoni, nikaunakili kwenye kadi.

Siku ya kutoka, mikorosho ilikuwa imechanua na harufu yake tamu imejaa uani. Nakumbuka ukungu mwembamba, na mama amekaa barazani kwenye mwanga akipepesa macho, kama mtu aliyeamshwa mapema. Nikachomeka kadi. Redio ikaandika namba moja, ikanyamaza, ikaandika namba moja tena. Nikaizima, nikaiwasha. Kimya.

Mama alikuwa amehesabu siku zake kwa mafundo ya uzi. Akautoa uzi, akaupapasa.

"Tumekosea kuandama kwa mwezi," akasema. "Eda haijaisha. Baba yako hataki."

"Mama, ni kadi tu hiyo. Ngoja nikupigie kwenye simu."

"Sitaki. Mpaka siku zitimie."

Akarudi chumbani, akafunga mlango. Nilikasirika, siwezi kuficha. Lakini zaidi niliogopa. Miezi ile alikuwa amekonda na kuzoea giza, nami niliona kwamba akikizoea chumba kile zaidi, hatatoka tena.

Nikapanda bodaboda hadi Lindi, kwa fundi anayeingiza nyimbo kwenye kadi za watu karibu na stendi. Aliutazama wimbo wangu kidogo tu.

"Dada, huu umefungwa. Nyimbo za kununua kwenye programu hizi zinaimba ndani ya simu yako tu, redio haziwezi. Ungechukua wa kuiba, saa hizi mama anacheza."

"Unao wa kuiba?"

Hakuwa nao. Bendi ya baba haikuwa na umaarufu wa kuibiwa. Nilicheka kwa uchungu, kisha nikamwambia aongeze kwenye kadi wimbo mwingine nilioununua palepale kwenye simu, wa mwimbaji wa taarabu ambaye mama anampenda na ambaye mumewe yu hai, mzima kabisa.

Alasiri nikasimama nje ya chumba cha mama na redio mkononi. Ikaandika namba mbili, ikanyamaza.

"Mama, umesikia? Kipenzi chako wa taarabu naye amekataliwa. Na yeye yuko edani?"

Nyuma ya mlango, kicheko. Sikuwa nimekisikia tangu msiba.

Akatoka. Tukakaa barazani, simu magotini mwangu, redio magotini mwake, maana ile redio ina kitufe cha kurekodi kwenye kadi. Nikamwambia asiseme neno mpaka wimbo uishe. Akaitikia kwa kichwa. Magitaa yakaanza, mbali na laini, na jua likapita taratibu kwenye majani ya mikorosho, nami nikawa kama ninayesinzia utotoni mwangu.

Sasa kadi hiyo inapiga kila siku. Sauti imefifia, kuku wanalia ndani yake, upepo unavuma. Magitaa yanapungua, baba anakohoa, na mama, aliyesahau kabisa ahadi yake, anajibu, "Karibu."