Ufunguo wa Akiba

Ti-ti-ti, kisha mluzi mwembamba unaopanda, kisha kishindo kama cha sufuria iliyoanguka. Niliisikia sauti hiyo ukutani wiki nzima kabla sijajua inatoka wapi. Tuliishi Mchafukoge, katikati ya jiji, ghorofa ya tatu, katika harufu ya udi na bizari ya majirani. Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, na mama aliwahi soko la Mchikichini kila siku kuchagua nguo za mitumba marobota yakipasuliwa. Likizo ile ya masika alinifungia ndani kwa kufuli la nje. Ufunguo wa akiba alimwachia Mama Hetal, jirani yetu Mhindi, ili moto ukizuka nitolewe.

Nilikuwa na miaka tisa na sikujua kusoma. Mama alikwisha kuapa kwamba shule ikifunguliwa nikiwa vilevile, atanipeleka Machame, kule mlimani, kwa bibi. Nililala chini nikihesabu nondo za dirisha, nikiihisi Machame ikinijia na baridi yake.

Siku ya nane kufuli likalia. Alikuwa Hetal mwenyewe, msichana wa miaka kumi na minne, amechoka kucheza gemu peke yake. Akanipeleka kwao. Kumbe ile sauti ya ukutani ilitoka kwenye televisheni yao, ambamo kulikuwa na mtu mdogo aliyefungiwa ngomeni. Maelekezo yalikuwa ya Kiingereza, naye Hetal alikuwa ameyaandika kwa Kiswahili nyuma ya karatasi za kalenda. Yeye atashika vitufe, mimi nimsomee.

Mficha uchi hazai, lakini nilificha. Nikabuni. "Kushoto."

Mtu wetu akatumbukia shimoni.

"Wewe hujui kusoma?"

"Najua, dada."

"Basi mbona tumekufa?"

Akanikalisha. Herufi kwa herufi, kifo kwa kifo, nikasoma: ufunguo uko kisimani, usiguse taa. Nilipokosea alinizomea, "Haya, umemzika tena, mpe pole." Baada ya majuma mawili nilikuwa nikisoma upesi kuliko vidole vyake.

Kisha mvua ikamrudisha mama mapema. Akanikuta kwa jirani, mlango wetu wazi.

"Mama Hetal, ufunguo niliuacha kwa ajili ya moto, si michezo."

"Lakini sasa najua kusoma, mama," nikasema.

Akachomoa barua kwenye mkoba. "Soma."

Nikasoma bila kukwama: "Mlete mjukuu wangu. Kitanda nimeshatandika." Mama akaichana barua vipande viwili.

Leo binti yangu anacheza gemu kwenye simu, mlango wazi, na anasoma maneno ambayo mimi sijawahi kuyaona. Kila mara namwambia atoke nje akacheze. Haelewi kwa nini namsihi. Siku ile mimi nilidhani anayejua kusoma hafungiwi. Kumbe nilikuwa nimeikwepa Machame tu. Asubuhi iliyofuata baada ya kuichana barua, mama alinibusu utosini, akaweka funguo zote mbili, pamoja na ule wa akiba, kwenye mkoba wake, akatoka, akaufunga mlango.