Nguzo Nyeupe ya Feawei ya Saba

Siku niliyoandikwa kazi tulikuwa watano pale mlangoni pa stoo ya vifaa ya uwanja wa gofu. Nitawataja, maana hadithi hii ni yao. Alikuwepo Mzee Nzioka, nyapara wetu, mtu wa Machakos aliyekuwa akija kwa miguu kutoka Kawangware 46. Alikuwepo Nduku, binti wa ndugu yake Mzee Nzioka, ambaye alikuwa ametangulia kuandikwa. Alikuwepo mume wangu Zakaria, kedi, yaani mbeba mifuko ya wachezaji, na ndiye aliyetuombea kazi. Alikuwepo dada yake Zakaria, Peninah, ambaye mimi namwita mulamwa kwa kikwetu. Na mimi Rasoa, mama Jentrix. Sisi watatu tulikuwa tukikaa Mashimoni, Kibera, nyumba za kupakana, ukuta wa udongo katikati.

Kabla hatujaingia, Zakaria alimvuta Mzee Nzioka kando akamwambia neno. Mzee akamtazama Peninah, akamwambia, "Fungua mdomo nikuone meno." Peninah akacheka, akasema, "Mzee, unanunua ng'ombe?" Mzee Nzioka akatikisa kichwa akasema, "Huyu anajibu kuliko wenye masikio. Ingieni."

Neno lenyewe lilikuwa hili: Peninah hakuwa akisikia. Homa ilimshika akiwa na mtoto mchanga, Enock, akapona, lakini masikio hayakurudi. Kuongea aliongea vizuri, na alikuwa akisoma midomo ya watu kama vile ninyi mnavyosoma simu. Bwana aliyemuoa alimrudisha kwao, akarudi na Enock mgongoni. Kazi ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye na mtoto, na kazi ile hawakuwa wakimpa mtu asiyesikia. Kwa hiyo tulilijua sisi watano, likakaa hapo.

Tulianzia kitaluni, kuotesha nyasi. Baadaye tukahamishiwa kwenye mashimo ya mchanga, kusawazisha kwa reki. Mwisho tukapelekwa feawei, na hapo ndipo nilipozeekea. Feawei ni ule uwanja mrefu wa nyasi fupi kutoka mahali mchezaji anapopigia mpira wa kwanza mpaka kwenye grini, kule penye shimo na bendera. Kazi yetu ilikuwa palizi ya mkono, kung'oa magugu kwa kisu tukitia kwenye karai, na kujaza mchanga pale chuma cha mchezaji, kile cha kupigia mpira, kilipobandua nyasi.

Kando ya kila feawei kulikuwa na nguzo za mbao za kuonyesha umbali, ili mchezaji ajue amebakiza yadi ngapi kufika grini na achague chuma gani. Nyeupe ilikuwa ya mia moja na hamsini. Sisi wanawake ndio tuliokuwa tukizipaka rangi. Ile ya feawei ya saba ilikuwa ndefu kuliko zote, kwa sababu feawei ile ilikuwa na mgongo katikati kama mgongo wa ng'ombe. Mchezaji akisimama anapopigia, hakuwa akiona chochote ng'ambo ya mgongo isipokuwa kichwa cha nguzo ile.

Na sisi tulikuwa tukifanya kazi ng'ambo hiyo, bondeni.

Sasa mpira wa gofu msiudharau kwa udogo. Ukitoka kule unakuja kama jiwe la kombeo. Makedi hupaza sauti "Foo!" na ukisikia hivyo unajirusha chini, mikono kichwani. Lakini Peninah atasikia nini? Siku yetu ya kwanza pale bondeni, mimi sikupalilia. Nilikuwa nikimtazama yeye tu na kutazama mgongo, yeye na mgongo, mpaka shingo ikauma.

Peninah mwenyewe ndiye aliyepata dawa. Alifungua leso yake nyekundu kiunoni akaitundika juu ya nguzo. Jioni akamwambia kaka yake, "Ukiona leso yangu, mzuie mzungu wako asipige. Nitaitoa tukipisha." Zakaria akawaambia makedi wenzake, na makedi nao wakashika. Leso ikiwa juu, kedi atafunga kamba ya kiatu, atatafuta kitambaa, atasema upepo umegeuka, mradi mchezaji asipige. Sisi nasi tukimaliza kipande chetu tunajitenga pembeni, leso inashuka, mpira unapita. Hakuna mkubwa aliyetufundisha hayo wala aliyeyajua. Bwana Meneja wa kwanza aliona leso akafoka tu, "Mnageuza uwanja kamba ya kuanikia?" Tukasema ni jua, tumevua. Akapita.

Tukakaa hivyo mpaka katikati ya miaka ya tisini, alipokuja Bwana Meneja mwingine. Hakuwa mbaya, nisimseme. Alijua kazi na alituletea buti za mvua. Siku moja akatukusanya stoo, akasema nguzo zote zitang'olewa. Mashine ya kukata nyasi inazizunguka na kuacha vichaka, na viwanja vya kisasa haviweki miti. Badala yake tutazika visahani vya chuma sawa na nyasi, vimeandikwa yadi, mashine ipite juu yake.

Mzee Nzioka akakohoa. "Bwana, ile ya saba ibaki. Watu wa palizi wanaitumia."

"Kwa kazi gani?"

Mzee akanitazama. Nami nikatazama buti zangu. Tungesema nini? Tukisema leso, ataliuliza swali lile linalofuata. Na akaliuliza kabla hatujasema.

"Ni mipira mnaogopa? Si makedi wanapiga kelele? Ninyi hamna masikio?"

Peninah alikuwa amesimama mbele kabisa, macho kwenye mdomo wake. Akasema, bila kupepesa, "Tunayo, bwana."

Tulipotoka nilimshika mkono nikamgeuza anione midomo. "Mulamwa, una wazimu? Acha tumwambie. Huenda ana moyo."

"Moyo wake utamlipia Enock shule?"

"Na mpira ukikupata?"

"Wewe si una macho? Nitazamie."

"Nikutazamie mpaka lini?"

"Mpaka Enock awe daktari wa masikio," akasema, akacheka peke yake. Mimi sikucheka.

Nyumbani Zakaria aliposikia hakula. Alisema atakwenda mwenyewe kwa Bwana Meneja kesho asubuhi amwambie wazi. Peninah alikuja akasimama mlangoni kwetu, akamwambia, "Zakaria, ukinisemea, mimi na Enock tunarudi kwa mama, na nitamwambia mama ni wewe umetufukuza mji huu." Zakaria akaketi. Kesho yake hakwenda.

Nguzo zikang'olewa. Mzee Nzioka alichomeka fito ya mwanzi mahali pa ile ya saba, Bwana Meneja akaichomoa akaivunja gotini. "Nimesema hakuna mti, Nzioka." Basi mimi nikawa natumwa kusimama juu ya mgongo, niwapungie makedi mkono. Bwana Meneja akanikuta. "Mama, wewe unalipwa kusimama kama mnara?" Nikashuka. Tangu hapo kila asubuhi nilikuwa nikienda kazini kama mtu anayekwenda kortini. Tulikuwa tunapanga Peninah awe karibu nami, hatua chache tu, nimguse kwa mguu nikisikia kitu. Lakini Peninah mkono wake ulikuwa mwepesi. Ukiinua kichwa amekwisha kwenda mbele.

Siku ya mashindano ya Kapteni, mkuu wa wachezaji wa klabu, mvua ilikuwa imenyesha, ikateremsha takataka bondeni kwenye ile ya saba. Kwa desturi siku ya mashindano hatuingii feawei. Siku hiyo tuliambiwa tukimbie tusafishe kabla kundi la kwanza halijafika. Bwana Meneja mwenyewe akaja nasi, suruali nyeupe, viatu vimepakwa dawa, akituhimiza. "Haraka mama zangu, haraka. Kapteni yuko ya sita."

Kwa ile haraka Peninah alitangulia. Nilimwona mgongo wake, ameinama, karai pembeni ya goti lake. Nikaanza kumwendea.

Yaliyokuwa ng'ambo ya mgongo nilisimuliwa na Zakaria. Alikuwa amebeba mfuko wa mgeni wa Kapteni. Alijua fika tuko bondeni. Akasema, "Ngoja kidogo, mkubwa." Mgeni akasema, "Ningoje nini? Sioni mtu." Na kweli hakuona mtu, wala hapakuwa na leso ya kuonekana. Zakaria akasema kamba ya kiatu imefunguka. Mgeni akasema, "Kifunge nikipiga." Akapiga.

"Fooooo!"

Nilianguka pale pale, matope mdomoni. Nduku akaanguka. Na Bwana Meneja, suruali yake nyeupe na yote, akajitupa chini kando yangu, akaficha kichwa. Nikainua jicho moja. Peninah ameinama vilevile, anang'oa. Nikapiga kelele jina lake, nami ninajua kelele haina kazi. Kope zangu sikuweza kuzifunga.

Mpira ukapiga karai.

Mlio ule, wanangu, ulikuwa kama kengele ya kanisa iliyopasuka. Ndege waliruka kutoka kwenye miti ya uzioni. Watu waliokuwa wakipita njia ya Soweto West, ng'ambo ya uzio, walisimama. Nduku alilia kwa sauti akidhani ni kichwa. Na Peninah, karai likiwa limelia pale pale gotini kwake, hakugeuka. Akang'oa gugu jingine, akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, kulitia kwenye karai.

Bwana Meneja alikuwa ameinuka kwa viwiko. Aliona yote. "Mama!" akaita. "Wewe mama!" Peninah akang'oa gugu jingine.

Safari hii mkono wake uligusa kitu kwenye karai. Akachungulia, akatoa mpira, mweupe, una tope upande mmoja. Ndipo akageuka polepole. Akatuona sisi watatu tumelala chini kama waliokufa. Zakaria alikuwa amefika juu ya mgongo anakimbia, mfuko ameutupa, anaita, "Peninah! Peninah!" kama mtoto, amesahau kwamba hasikii.

Peninah alisimama, mpira mkononi. Uso wake ulijua kabla hajaambiwa.

Bwana Meneja akamwendea. Magoti yake yalikuwa yanatetemeka, niliyaona kwa ile suruali. Akasema, "Unanisikia?"

Peninah akamtazama mdomo. "Nakuona ukiongea, bwana."

Mzee Nzioka alikuja akaeleza yote mbele ya Kapteni, leso na nguzo na makedi, tangu mwanzo mpaka mwisho. Kapteni akasema, "Pole, mama," akaangalia saa. Bwana Meneja akasema nguzo ya saba irudishwe leo hii kabla ya kundi la mchana, na wanawake watundike leso yao, na asithubutu mtu kuwauliza.

Nikashukuru Mungu kwa sauti. Nikadhani yameisha.

Akasema, "Na huyu mama asirudi kesho."

Mzee Nzioka alisema, "Bwana, kwani nguzo si imerudi? Ilikuwa ikimlinda miaka yote hii."

"Nzioka, mti ninaweza kuurudisha. Mtu akifa hapa simrudishi."

Hakulisema kwa ubaya. Ndiyo maana mpaka leo sijui nimchukie vipi. Zakaria alimpigia magoti kwenye matope. Peninah akamwinua kwa kola. "Amka, unaniaibisha." Akachukua karai, akasema ni lake sasa, lina alama yake. Hakuna aliyembishia. Nduku akamkimbilia na ile leso yake. Peninah akaikataa. "Hiyo iacheni nguzoni. Ninyi mnaosikia ndio wazembe."

Mwezi ule ulikuwa mgumu. Tulipika chungu kimoja nyumba mbili. Kisha Peninah akaanza kuchemsha nduma na viazi vitamu, akaweka meza yake kando ya uzio, pale njia ya Soweto West inapotazamana na ile ya saba. Watu walidhani amefuata wateja. Mimi nilijua amefuata nini, maana kutoka mezani kwake nguzo ilionekana vizuri.

Na siku moja Nduku alisahau kutundika leso. Tumo bondeni tunapiga domo, tunacheka, mara tukasikia sufuria inapigwa kifuniko kule uzioni, pa pa pa pa, kwa hasira. Tukainua vichwa. Peninah amesimama juu ya stuli, anaonyesha nguzo kwa mwiko. Nduku alikimbia akatundika. Alitupigia kifuniko hivyo mara nyingi miaka iliyofuata, kelele ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuisikia, na hakuna mpira uliompata mtu kwenye ile ya saba mpaka nilipostaafu.

Sasa mjukuu wangu, mtoto wa Jentrix, naye ni kedi. Ananiambia wachezaji wa leo wana kidude cha kuchungulia kinachosema yadi, wengine wanatazama saa ya mkononi, na wakubwa wanazungumza tena kung'oa nguzo. Aliniuliza, "Kukhu, bado zina kazi?" Mimi niliishia darasa la pili, na mambo ya yadi nawaachia wenye vidude. Nilimwambia kidude kinamwonyesha mchezaji bendera iko wapi. Nani aliyeinama bondeni, hakimwonyeshi. Kabla hamjang'oa, nendeni mkawaulize watu wa palizi wametundika nini hapo.

Zakaria na Mzee Nzioka wametangulia. Nduku yuko kwao Machakos. Peninah yupo, anakaa kwa Enock Kawangware 46, na karai lile anaogeshea wajukuu, mbonyeo wa mpira unaonekana upande wa sikio lake la kushikia. Nimemsimulia haya kwa midomo, polepole. Anasema nimekosea: leso haikuwa nyekundu, ilikuwa ya manjano, na Bwana Meneja hakutetemeka magoti. Mimi nakumbuka nyekundu, na magoti niliyaona. Lakini mimi nilikuwa nimelala chini, na yeye alikuwa amesimama. Kama ulikuwa njia ya Soweto West asubuhi ile ukasikia karai likilia, njoo utuambie nani kati yetu amesahau. Ukija kwake, usibishe hodi. Simama mlangoni akuone.