Mume Wangu Ndiye Aliyechora Ramani ya Umeme Uliomuua Mdogo Wangu

Admin, jina langu naomba libaki kwako. Mimi ni bibi wa miaka sabini na minne. Naishi Kitendaguro, Bukoba, na mume wangu ambaye sasa hatoki kitandani.

Wakati wa ujamaa mume wangu alikuwa mkandarasi wa umeme. Alipewa kazi kwenye ghala moja la kahawa mjini; ramani achore yeye, waya afunge yeye. Mdogo wangu Deo akaajiriwa humo kwenye mashine ya kukoboa. Msimu uleule umeme ukamnasa, akafa. Wakubwa wa ghala wakasema alikuwa amelewa. Mama yetu, tunayemwita Mawe, aliwaamini. Mpaka leo kule anakoishi Buganguzi, Deo akitajwa, anasema, "Yule alijiua kwa pombe ya rubisi." Hata misa ya kumwombea hajawahi kuomba.

Mwezi uliopita mume wangu aliniita nikae karibu.

"Deo hakuwa amelewa," akasema. "Siku aliyokufa nilikuwa naye asubuhi yote. Kabla sijamaliza kazi ile, kanuni zilibadilika, kila mashine ya chuma ikatakiwa iwe na waya wa kupeleka umeme ardhini, usimnase mtu. Ramani yangu haikuwa nao. Nilimwambia meneja, akanijibu kahawa imeshajaa, nifunge kama nilivyochora. Nikafunga."

"Si meneja ndiye aliyekataa?" nikamuuliza.

"Ramani ilikuwa yangu, mama Koku. Meneja angejuaje umeme? Ilikuwa juu yangu kuibadilisha, au niiache kazi."

Nilitoka nikaenda kibanjani, nikakaa kwenye migomba, nikalia kama vile Deo amekufa jana.

Mume huyu ndiye aliyemjengea Mawe nyumba na kumuuguza kila alipougua. Mawe humwita mwanangu, hamwiti mkwe. Sasa anataka nimlete Mawe hapa, amwambie kwa mdomo wake kabla hajafa. Mawe amepita miaka tisini na moyo wake ni mgonjwa. Nikimleta, atampoteza na huyu anayemwita mwanawe. Nisipomleta, Deo ataendelea kuitwa mlevi na mama aliyemzaa.

Kila asubuhi mume wangu ananiuliza, "Umeshatuma mtu Buganguzi?" Namdanganya kwamba mvua imeharibu barabara, naye sauti inazidi kufifia.

Wanangu mnaosoma hapa, nishaurini. Mngekuwa mimi, mngemleta?