Skuli ya Meza ya Chakula

Niliwatoa wanangu wawili skuli kwa sababu nilikuwa na akili kuliko walimu wote wa Muscat. Mkubwa alikuwa na miaka kumi, mdogo saba, wasichana wote wawili, na mimi nilikuwa nimesoma makala kadhaa kwenye simu, kwa hivyo sikujiona na upungufu wowote. Mume wangu, anayefanya kazi wizarani na aliyezoea kupitisha mambo bila ya kuyasoma, alisema, "Ukiona sawa, mimi sina neno." Mama yangu alinipigia simu kutoka kwake Mawaleh akauliza kwa sauti ya chini, "Kwani watoto wamefukuzwa?"

Skuli yangu ilifunguliwa Jumapili, ambayo kwetu Muscat ndio mwanzo wa wiki ya kazi, saa mbili asubuhi, kwenye meza ya chakula ya nyumba yetu ya Bawshar. Nilibandika ratiba ukutani kwa rangi nne. Palikuwa na hesabu, Kiarabu, Kiingereza, Kiswahili, sayansi, Qur'ani, kazi za mikono, na kipindi nilichokiita "udadisi huru", ambacho mpaka leo sijui maana yake. Mimi ndiye nilikuwa mwalimu mkuu, walimu wote waliobaki, mfagiaji wa darasa na mpishi. Saa nne walipopumzika wao, mimi nilikuwa naosha mchele.

Kila Jumatano tulikutana akina mama tunaosomesha nyumbani, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, kwa mwanamke mmoja mwenye watoto watano. Watoto wake walipanda mboga zao wenyewe, walipiga fidla, na walizungumza lugha nne bila ya kuzichanganya, jambo ambalo ukoo wetu mzima haujawahi kuliweza. Siku moja nikajikaza nikamuuliza, "Huchoki, dada?"

Akanitazama kwa huruma. "Watoto wangu ndio wanaonipa nguvu."

Nilirudi nyumbani nikiwaangalia wanangu kwenye kioo cha gari, nikitafuta hiyo nguvu yangu wameificha wapi.

Kufika mwezi wa nne wa skuli yangu, nilikuwa nafuata vitunguu dukani huku vitunguu vimejaa jikoni, kisha nakaa ndani ya gari kiyoyozi kikivuma, nisifungue hata mkanda nikashuka. Nilimkaripia mdogo kwa kuuliza kwa nini tisa inakuja baada ya nane. Suali zuri sana lile. Ndio udadisi huru wenyewe.

Kila jioni nilimwambia mume wangu, "Nimechoka." Naye akaitikia, "Pole, mama watoto," akaenda zake kubadilisha nguo.

Basi ikaja Jumatatu moja ya joto, kipindi cha imla. Nilifungua kitabu cha hadithi nikaanza kuwasomea, sentensi moja moja, wao wakiandika. Sungura alikwenda kisimani. Akainama anywe maji. Nikaegemeza shavu mkononi, macho yakawa mazito, na mdomo ukaendelea kufanya kazi peke yake. Nilipozinduka, wote wawili walikuwa wananitazama, kalamu zimesimama.

"Mama," akasema mkubwa kwa adabu, "'mpaka nywele' ni maneno mawili?"

"Mawili," nikamjibu. Halafu nikalivuta daftari lake.

Alikuwa ameandika kwa hati nzuri kabisa: *Sungura alikwenda kisimani. Akainama anywe maji. Nimechoka. Nimechoka mpaka nywele. Sitaki kumuona sungura wala kisima. Nataka mtu aniulize mimi kama nimekula. Nukta.*

Mdogo naye alikuwa na yaleyale, na makosa matatu. Nikayasahihisha kwanza kwa kalamu nyekundu, maana ualimu ni wito, ndipo nikalia.

Mdogo akaniletea maji. Mkubwa akampigia baba yake kazini. Nilimsikia akisema, "Baba, mama analia kwenye imla," kama anayeripoti bomba lililopasuka.

Mume wangu alifika kabla ya adhuhuri. Katika miaka yote ya ndoa yetu alikuwa hajapata kuondoka ofisini mapema ila kwa maziko. Alilisoma daftari akiwa amesimama, funguo za gari bado mkononi.

"Mbona hukuniambia?"

"Nimekwambia kila siku."

"Ulikuwa unasema umechoka," akajibu, na uso wake ulinionesha kuwa anasema kweli tupu. "Mimi nilidhani ni salamu."

Nilitaka kukasirika, nikaangua kicheko, na kile kicheko kikanirudisha tena kwenye kilio. Akaniuliza nimekula nini. Sikukumbuka. Akaingia jikoni akakaanga mayai, akayaunguza, nami nikayala yote.

Akaomba likizo ya wiki moja ashike skuli mwenyewe, kwani ni kazi ya watoto wawili tu, si wizara. Jumanne alifuta udadisi huru. Jumatano aliniuliza, kwa namna ya mtu anayeulizia hali ya hewa, kama skuli hupokea watoto katikati ya muhula.

Aliyekata shauri ni mdogo. "Mimi nataka kurudi," akasema. "Kule walimu wako wengi. Akichoka mmoja, anakuja mwengine." Tukamrudisha. Moyo uliniuma, nikajiona nimefeli mtihani niliojitungia mwenyewe. Mkubwa akataka kubaki, akabaki. Hesabu anafundishwa na baba yake baada ya alasiri, na kila Jumanne anashinda Mawaleh kwa mama yangu. Husoma Qur'ani, kisha, nasikia, hutazama tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiarabu, kwa ajili ya kukuza msamiati.

Jumanne ya kwanza niliona haya kukaa bure, nikapanga makabati yote. Ya pili nililala. Niliamka kwa adhana ya adhuhuri, nyumba iko kimya, nikakaa ukingoni mwa kitanda muda mrefu, simfundishi mtu chochote.