Taa ya Kijani Kifuani

Watoto walimwita Bi Kioo, maana kioo chake cha mkononi hakikumtoka. Kazi yake pale shuleni ilikuwa kuwafundisha kutamka watoto ambao maneno yanawakwama au masikio yanawaangusha. Chumba chake kilikuwa stoo ya zamani ya madaftari: dirisha moja, meza moja, viti viwili vya kimo cha mtoto. Na wasiwasi aliokuwa nao, usiseme. Betri alizipima asubuhi, akazipima tena saa nne, kana kwamba kuna mtu anazinyonya akigeuka tu.

Alikuwa na vipande vya bomba la plastiki vilivyopinda kama mkono wa simu. Mtoto ananong'ona upande mmoja, sauti yake inamrudia sikioni. Lakini kifaa alichokipenda kuliko vyote kilikuwa maiki ndogo ya kuvaa shingoni. Ukisema neno, linaruka moja kwa moja hadi kwenye mashine za masikio za mtoto, hata akiwa chumba cha pili.

Mwenye mashine hizo alikuwa msichana wa darasa la tatu, jina la utani Pengo, kwa ajili ya meno ya mbele yaliyokwisha kung'oka.

Siku hiyo somo lilipokwisha, Pengo alirudi darasani, na mwalimu mkuu akamwita Bi Kioo ofisini, pua na mdomo na darasa hilo. Mezani palikuwa na fomu.

"Dada yangu, nasubiri neno lako tu. Abaki, au tumhamishie shule ya bweni ya viziwi?"

Shule ile ilisifiwa, ila ilikuwa mwendo wa siku nzima kutoka kwa mama yake.

Bi Kioo akashusha pumzi. "Mkuu, miezi minane sasa. Asipoona midomo yangu haambulii kitu. Kila Ijumaa namdanganya mama yake kwamba tunasonga mbele. Nimechoka. Mwache aende."

Mkuu akakohoa, akaandika, akaitia fomu kwenye bahasha. Bi Kioo akainama kuokota kalamu iliyoanguka, ndipo akaona taa ya kijani ikimetameta kifuani pake.

 Hakuwa ameizima maiki tangu somo liishe.

Alitoka bila kuaga. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliomba betri ziwe zimekufa.

Kengele ya mapumziko ilikuwa imelia. Mwalimu wa darasa alikuwa mlangoni akipangusa chaki mikononi. "Shoga, umefukuzwa na nyuki?"

"Pengo yuko wapi?"

"Ndani. Katulia kama maji mtungini. Wenzake wametoka, yeye hataki. Nikadhani umemlisha gundi."

Bi Kioo akachuchumaa mbele ya dawati na, kwa mazoea, akainua uso ili midomo ionekane. Pengo akageukia ukuta.

"Ulisikia?"

 Mtoto akauambia ukuta: "Umesema miezi minane. Umesema nisipoona midomo siambulii kitu. Umesema unamdanganya mama. Umechoka." Maneno mengine yaliteleza, mengine yalikatika mkia, lakini yalikuwamo yote. "Halafu mkuu akakohoa."

Bi Kioo akahisi uso unamwaka kwa aibu. Kisha likamjia jambo lililomtetemesha zaidi. Mtoto huyu hakuona mdomo wa mtu. Miezi minane yote alikuwa akimpima huku amemkalia usoni na kioo mkononi, anampa midomo ya kusoma, kisha anamlaumu kwa kuisoma.

"Nilikosea," akasema. "Na siku zote nilikupima vibaya. Twende kwa mkuu nikamwambie."

Pengo akatikisa kichwa. "Nenda wewe." Akaionyesha maiki kwa kidole. "Usizime. Mimi nasikia hapa hapa."

Ikabidi arudi peke yake. Hatua ishirini tu, lakini alizitembea kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu. Mkuu alikuwa anailamba bahasha aifunge.

"Usiitume, Mkuu. Nimekosea juu ya yule mtoto."

"Dakika kumi tu zimepita, dada. Sasa una uhakika ataweza?"

Angependa kusema ndiyo. Kule ng'ambo ya ukuta palikuwa na mtu anayesikiliza kila neno.

"Sina uhakika," akasema polepole. "Lakini nimempima vibaya, na nataka abaki nimpime upya."

Mkuu akamtazama, akaitazama taa ya kijani, akaitoa fomu kwenye bahasha.