Binti Anachimba, Sale Inacheka

Teatre ilikuwa inachezwa siku ya Mungu, nyuma ya misa ya pili, ndani ya sale, ule ukumbi ya parokia, na ilipaswa kuisha mapema. Ile wakati, jua ikianza kushuka, kila mutu alikuwa anatafuta mulango yake. Vita ilikuwa imeisha, lakini risasi zilikuwa bado zinasikika kule juu kwa milima. Hata tukicheka, tulikuwa tunacheka na sikio moja iko inje.

Mwalimu mumoja aliyerudi toka Tanzania, mwenye Kiswahili ya kunyoosha, ndiye alileta hiyo hadithi. Alisema ni ya Wagiriki, ya zamani kabisa, lakini yeye aliivalisha nguo za kwetu. Ndugu wawili wamepigana, wote wamekufa. Mufalme amesema mumoja azikwe na heshima, mwingine abakie inje mbwa wamule, na mutu akimugusa ni kifo. Dada yao anasema, mi nitamuzika. Ni hiyo tu. Mufalme alivaa suti na miwani nyeusi, mukononi radio ya askari, imechongwa kwa mbao. Mulinzi wake alifunga kamba katikati ya jukwaa, na kila anayepita anaulizwa kitambulisho.

Mi sikutaka kwenda. Ni jirani yangu alinivuta, mama mwenye kuuza mikate. Yeye alizaliwa Goma, kwa wazazi waliokimbia zamani, akarudi hapa ng'ambo ya mupaka vita ikiwa imeisha, hakupoteza mutu kwa hii njia ya nyumba zetu, na alikuwa anaona ninakauka. Ni kweli. Nilikuwa nauza sambaza, samaki ndogo za ziwa, kwa mutaa yetu ya Mbugangari, narudi, nalala. Kitu moja tu nilikuwa natafuta: fasi gani, mahali gani walimutupa mudogo wangu.

Alikuwa kijana wa mwisho kwa mama yetu. Ile mwaka ya mauaji walimukamata kwa barrière, kamba ya kuzuia watu kwenye njia yetu, mbele ya kiwanda ya fundi mbao. Waliokuwa wanashika ile kamba nitawasema. Fundi mbao mwenyewe. Muuza makala, makaa ya kupikia, wa kwenye kona. Na fundi wa baiskeli, mwenye nyumba ya mulango ya bluu. Majina siandiki, Mbugangari yote inawajua. Walikimbia, wakarudi toka kambi za Congo, na mi niliwafuata mumoja mumoja. Nilikuwa nimeacha kuuliza nani aliua. Nilikuwa nauliza wapi. Fundi mbao alisema hakuona kitu. Muuza makala alisema anaumwa kichwa. Fundi wa baiskeli alisema ile siku alikuwa Nyakiriba kwa wakwe zake, kisha akaniuliza kama sambaza ni za leo. Huyo ndiye alikuwa amemushonea mudogo wangu sandali ya mupira wa gari, na waya ya spoki, maana ilikatika kisigino. Alimuona akiwa anatembea nayo kila siku. Na bado, wakwe.

Bon, basi, tulienda.

Sijaona watu wanapenda kitu hivyo. Mulinzi alipomuzuia binti kwa kamba, mama mumoja wa biashara, anayevuka mupaka kwenda Goma kila asubuhi, alimuambia toka nyuma apitie petite barrière, mupaka ya wadogo, huku kwa grande, ile kubwa, anapoteza wakati. Sale ikaanguka kicheko. Maiti ya yule ndugu ilipiga chafya, na mwanamuke mumoja wa kuangalia akapanda jukwaani, akamufunika na kitenge yake, akamuambia mutoto lala vizuri, akarudi kukaa. Hakuna aliyemuzuia. Mufalme ndiye aliteseka. Kwa maisha yake ni mushonaji mupole sana, lakini kisha ile siku wamama wa soko walienda kuchukua vitambaa vyao kwa mashine yake, wanasema hawawezi kuvaa nguo iliyoshonwa na mutu anayekataza kuzika. Alilia mbele ya mwalimu. Mwalimu akamuambia hiyo ni sifa.

Walipoicheza tena, nilirudi. Nilisema nimerudi kwa kucheka. Nilirudi kwa sababu ya ule binti.

Na fundi wa baiskeli alikuwako, kwenye benchi ya mbele. Ndiye alikuwa anapenda teatre kupita wote. Alikuwa anajibu mahali ya mufalme, anamufundisha mulinzi namna ya kusimama kwa barrière, miguu ikiwa mbali mbali, na watu wanashika mbavu. Mi nilikuwa naangalia shingo yake. Mama wa mikate alikuwa ananishika mukono, ananiambia polepole angalia mbele, dada, angalia teatre.

Ikafika pale binti anachimba. Anachukua jembe, anapiga mara tatu, basi, kaburi imeisha. Kwa Wagiriki pengine udongo ni laini. Kwetu kila aliyechimba choo anajua: unapiga jembe, unakutana na mawe ya volkano, jembe inalia kama kengele, mikono inakufa. Kwa hiyo sale nzima ilianza kumuhurumia na kumuchekelea. Huyu anamuambia atafute vijana wenye nguvu. Ule anamuambia ashuke kwa ziwa, kule iko muchanga. Na fundi wa baiskeli akasimama, akiwa anacheka, machozi kwa macho, akageuka tumuone vizuri.

"Weka jembe chini, binti," alisema. "Pale iko mawe tupu. Sisi na sururu tulishindwa, tukamupeleka kwa choo ya fundi mbao, ilikuwa imeshachimbwa."

Watu walicheka. Kisha wale wa Mbugangari wakaacha. Kisha wale wa karibu yao. Kicheko kilikufa kama moto inayomwagiwa maji kidogo kidogo, mupaka akabakia yeye peke yake, mudomo wazi.

Nilisimama.

"Mulishindwa kumuzika nani?"

Alisema mama, hii ni teatre. Alisema watu wanajua kutania. Akataka kukaa, na mutu wa pembeni yake akasogea, benchi ikabakia wazi pande zote mbili. Binti alikuwa amesimama na jembe, hajui aendelee ao ashuke. Mwalimu alikuwa ametoa kichwa kwa pazia. Inje kitu kililia mbali, pengine risasi, pengine lori, na hakuna aliyegeuza kichwa.

Ni mufalme alisema. Alitoa miwani yake.

"Mujibu mama."

Fundi wa baiskeli aliangalia chini. Alisema choo ya zamani, ile fundi mbao alijengea banda ya mbao juu. Akasema tena, na hiyo sitaisahau mupaka nife: "Lakini mi sikumugusa. Mi nilishika sururu tu."

Teatre haikuendelea. Tulienda kwa kiwanda ya fundi mbao vile tulikuwa, mufalme na suti yake, binti na jembe, wamama wa soko nyuma. Fundi mbao alitukuta kwa mulango, akaanza kuuliza tunataka nini, kisha akaona fasi tunaangalia. Kila siku alikuwa anamwaga maranda ya mbao pale na ananisalimia. Vijana walitoa banda. Jua ilikuwa karibu kuisha walipofika chini, na kitu ya kwanza iliyotoka ilikuwa sandali ya mupira wa gari, kisigino imeshonwa na spoki. Waya ilikuwa na kutu lakini ilishika. Anajua kazi yake.

Askari walikuja kuwachukua wote watatu. Muuza makala alisema anaumwa kichwa.

Kwa kuzika, padri alitupatia fasi nyuma ya makaburi ya zamani, na ni mawe kama kwingine. Majembe mawili yalivunjika asubuhi. Tulikuwa tumekaa tunaangaliana, ndipo muke wa fundi wa baiskeli alitokea kwa njia, sururu ya bwana yake kwa bega. Hakufika karibu. Aliiweka chini, akageuka.

Wamama walitaka kuitupa. Mama wa mikate alisema hiyo kitu imelaaniwa. Mi niliiokota, nikamupatia mushonaji, ule mufalme, akaanza kupiga, na jiwe likapasuka.

Tulimuzika jioni hiyo, na sandali yake. Kisha nilienda mwenyewe kwa mulango ya bluu, nikasimamisha sururu kwa ukuta. Sikupiga hodi, na sikuacha asante.