Barafu Haikungoja Kengele

Saa moja na dakika kumi asubuhi, mwalimu wa darasa la tatu anatembea mbiombio amekumbatia chupa ya chai. Ndani hamna chai. Kuna barafu aliyoiomba kwa muuza samaki, na kila hatua chache anasimama, anafungua kifuniko, anachungulia.

"We mwanangu, iache!" anafoka shangazi yake, aliyemsindikiza na ndoo. "Kila ukifungua unaingiza joto."

"Sawa, shangazi," anajibu, kisha anafungua tena.

Leo roho haimtulii. Kwa miezi kumi na minne amefundisha kwa mkataba wa muda, watoto sabini na wawili kwenye madawati ishirini na manne. Mkataba unaisha Ijumaa, keshokutwa. Asubuhi hii mwalimu mkuu ataketi nyuma ya darasa aone kama anafaa kubaki.

"Usingizi wa maana sikuupata," anasema. "Nimeota barafu tu."

Darasani anachora vikombe mia ubaoni. "Tuseme haya ndiyo maji yote ya dunia. Yenye chumvi ni vikombe tisini na saba. Yasiyo na chumvi ni vitatu, na viwili kati ya hivyo ni barafu. Hicho kimoja kilichobaki kiko ardhini, mitoni, maziwani na mawinguni."

"Na barafu yenyewe ndiyo hii," anasema, akiinamisha chupa juu ya ndoo ya shangazi. Yanamwagika maji matupu. Darasa linaangua kicheko, mwalimu mkuu anakohoa. Mwalimu anatamani ardhi ipasuke.

"Mwalimu, imeenda wapi?" anauliza binti wa dawati la mbele.

Angeweza kudanganya. "Nimeiyeyusha mimi, kwa wasiwasi wangu," anakiri. "Nimeifungua njia nzima."

Binti anachovya kidole ndani ya ndoo. "Mbona ni ile ile? Imelegea tu."

"Na ukiichemsha inapaa!" anadakia mwenzake. Mwingine anabisha, wa nyuma wanapanda juu ya madawati waone. Kengele inalia, hakuna anayetoka.

Mwalimu mkuu anafunga daftari lake. "Ijumaa upite ofisini," anasema, basi. Uso wake hausomeki.

Mwalimu anabaki akifuta ubao ambao tayari ni safi. Akibaki, anajisemea, muhula ujao atawapeleka watoto kwenye kisima kinachochimbwa nyuma ya soko, wayaone maji yakitoka ardhini.

Na asipobaki?

Mkono wenye kifutio unasimama.

"Basi nitawapeleka kesho," anasema. "Kesho bado ni wangu."